Kitu Kinachoteleza Kwenye Mteremko: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa na Kupima Mwendo Wake

Maswali ya mteremko huogopwa kuliko yanavyostahili. Mtu anaona pembe, msuguano, tungamo, urefu wa ubao na kasi ya mwanzo, vyote kwa mpigo, anaanza kurundika fomula akitumaini mojawapo itakubali. Kumbe kazi yote ina namba moja tu ya kusaka: mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde. Ukishaupata, muda, umbali na kasi vinafuata kwa hesabu za kawaida. Ukiukosea, hakuna fomula ya kukuokoa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mchapuko: namna ya kuukokotoa kutokana na kani, kisha namna ya kuupima mwenyewe kwa ubao, rula na kamera ya simu.

Hatua ya 1: Hakikisha mchapuko haubadiliki

Milinganyo yote ya hapa ina sharti moja: mchapuko ubaki uleule tangu kitu kinapoachiwa hadi kinapofika chini. Sharti hilo hutimia pale ambapo uso umenyooka, pembe ni moja, ukwaruzo ni uleule kutoka juu hadi chini, na hewa haina athari ya maana. Kipande cha mbao kinachoshuka mita 2 kinatimiza yote hayo. Mtu anayeteleza kwa kasi kubwa juu ya theluji hatimizi, kwa sababu ukinzani wa hewa huzidi kadiri kasi inavyozidi, na mchapuko wake hupungua kidogokidogo hadi unakaribia sifuri. Njia iliyopinda kama bakuli nayo haifai, kwani pembe inabadilika kila mahali. Kwa njia ya namna hiyo unaweza kupata kasi ya mwisho kwa kutumia nishati ikiwa hakuna msuguano, lakini muda hutaupata kwa milinganyo hii.

Na kama nusu ya ubao ni laini na nusu imekwaruzwa? Igawe safari vipande viwili. Kasi ya kumalizia kipande cha kwanza ndiyo kasi ya kuanzia kipande cha pili, na kila kipande kina mchapuko wake.

Hatua ya 2: Chora, na uinamishe mihimili

Makosa mengi huanzia hapa. Tumezoea kuchora mhimili mmoja umelala na mwingine umesimama, lakini kitu chetu hakiendi kwa kulala wala kwa kusimama; kinafuata ubao. Basi uchore mhimili wa x ukishuka sambamba na ubao, na mhimili wa y ukitoka kwenye ubao kwa pembe mraba. Amua kwamba kushuka ni chanya, weka mshale, na usiubadilishe hadi swali liishe. Faida yake ni kubwa: kwenye mhimili wa y kitu hakisogei kabisa, hivyo kani za upande huo zinalingana, na mwendo wote unabaki kwenye mhimili mmoja.

Sasa weka kani. Ni tatu tu. Kuna uzito, mg (tungamo m mara g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka huru), unaovuta kwenda chini moja kwa moja, haujali ubao umelala vipi. Kuna kani egemezi, R, ambayo ubao unakisukuma kitu kwa pembe mraba na uso wake. Na kuna msuguano, f, ulio sambamba na ubao, ukipinga mtelezo. Hakuna kani ya nne ya "kuteleza". Ile sehemu ya uzito inayokivuta kitu kufuata ubao tayari imo ndani ya mg. Ukiichora pembeni kama kani mpya, umehesabu kitu kimoja mara mbili.

Hatua ya 3: Ugawe uzito

Pembe θ ni ile iliyo kati ya ubao na sakafu. Pembe hiyohiyo ndiyo iliyo kati ya mshale wa uzito na mhimili wa y ukiurefusha kupita ubao kwenda chini. Wengi huikariri bila kujua inatoka wapi, kisha wakati wa mtihani wanajikuta hawana hakika waandike sin au cos. Itazame hivi: ubao ukiwa umelala sakafuni, mhimili wa y na mshale wa uzito viko kwenye mstari mmoja. Inua ubao nyuzi 10. Mhimili wa y umezunguka nyuzi 10 pamoja na ubao, ila uzito bado unaelekea chini vilevile. Mwachano kati yao ni nyuzi 10, sawa kabisa na pembe ya ubao.

Kwa hiyo sehemu ya uzito inayokandamiza ubao ni mg cos θ, na ile inayovuta kufuata mteremko ni mg sin θ. Kwa kuwa hakuna mwendo kwenye mhimili wa y, R = mg cos θ. Angalia kwamba R si mg. Anayeandika R = mg kwa mazoea ya sakafu tambarare atapata msuguano mkubwa kupita kiasi.

Ukisahau ipi ni ipi, usibahatishe. Jaribu pembe za mwisho. Ubao ukilala, θ ni 0, na tunajua hakuna kinachovuta kitu kando: sin 0 ni 0, sawa. Ubao ukisimama wima, θ ni 90, kitu kinaanguka tu na hakikandamizi ubao: sin 90 ni 1, cos 90 ni 0, sawa tena. Jaribio hili huchukua sekunde chache na linafaa kwa karibu kila fomula utakayokutana nayo kwenye mteremko.

Wazo kwamba mteremko hupunguza mvuto kwa uwiano maalumu ni la zamani. Mwaka 1586 Simon Stevin, mwanahisabati mzaliwa wa Bruges, alilithibitisha bila kupima chochote. Aliwaza mnyororo wa tufe 14 zenye uzito sawa, umezungushiwa pembetatu yenye miteremko miwili, mmoja mrefu mara mbili ya mwingine. Tufe 4 zinakaa kwenye mteremko mrefu, 2 kwenye mfupi, zilizobaki zinaning'inia chini kwa ulinganifu. Zile 4 zingezishinda zile 2, mnyororo ungeanza kuzunguka, na kwa kuwa kila tufe inayoondoka inafuatwa na nyingine, ungezunguka milele bila kusukumwa. Hilo haliwezekani, hivyo 4 zinalingana na 2. Maana yake, kwa kimo kilekile, mteremko ulio mrefu mara mbili huvuta kila tufe kwa nusu ya nguvu. Kimo gawanya kwa urefu wa mteremko: hiyo ndiyo sin θ yetu.

Hatua ya 4: Kabla ya yote, kitateleza?

Hatua hii hurukwa sana. Msuguano una tabia mbili. Kitu kikiwa kimetulia, msuguano hujirekebisha: huvuta kiasi kinachohitajika tu, hadi kufikia kikomo chake, μₛR, ambapo μ ni namba inayoonyesha ukwaruzo kati ya nyuso mbili (kizigeu cha msuguano). Kikishaanza kusogea, msuguano huwa karibu thabiti, μₖR, na kwa kawaida μₖ ni ndogo kuliko μₛ. Ndiyo sababu kitu kilichogoma kwa muda mrefu kikishachomoka hakisimami tena.

Kitu kinaanza kuteleza chenyewe pale mg sin θ inapozidi μₛ mg cos θ. Futa mg pande zote, gawanya kwa cos θ, unabaki na tan θ > μₛ. Ikiwa μₛ ni 0.4, kitu hakitasogea hadi pembe ipite nyuzi 21.8. Chini ya hapo jibu la swali lolote la muda ni fupi: hakitafika.

Kanuni hii inakupa pia kipimo cha bure. Weka kitu kwenye ubao, inua ncha moja polepole, na pembe kitu kinapochomoka ndiyo inayokupa μₛ. Ukitaka μₖ, shusha ubao kidogo na uugongegonge kitu kisogee. Tafuta pembe ambayo, baada ya kugongwa, kinaendelea kwa kasi ileile, hakiongezi wala hakipunguzi. Tan ya pembe hiyo ni μₖ. Na kwa kuwa g imefutika, pembe hizo zingekuwa zilezile hata Mwezini, ambako g ni takriban 1.62 m/s² tu, ilimradi nyuso ziwe na ukwaruzo uleule. Kitu kingeshuka polepole, ila kingechomoka kwenye pembe ileile.

Hatua ya 5: Pata mchapuko

Kanuni ya pili ya Newton inasema jumla ya kani ni tungamo mara mchapuko. Kwenye mhimili wa x, kitu kikiwa kinashuka:

ma = mg sin θ − μₖ mg cos θ

Tungamo lipo kila mahali, hivyo linafutika:

a = g (sin θ − μₖ cos θ)

Hili ndilo tunda la hatua zote zilizotangulia. Msomaji mwenye jicho ataona kwamba sanduku la kilo 4 na la kilo 400, kama nyuso zao zinafanana, hushuka kwa mchapuko mmoja. Swali likikupa tungamo na kukuuliza muda tu, tungamo hilo huenda ni chambo. Utalihitaji ukiulizwa kani au nishati.

Kwa g tumia 9.8 m/s². Thamani halisi ni karibu 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za Dunia, tofauti ambayo makosa ya vipimo vyako vya mkono yataimeza.

Tuchukue mteremko wa nyuzi 30, urefu mita 5, sanduku la kilo 4. Bila msuguano, a = 9.8 × 0.5 = 4.9 m/s². Tukiweka μₛ = 0.4 na μₖ = 0.3, kwanza tunauliza kama litateleza: tan 30 ni 0.577, imezidi 0.4, linateleza. Kisha:

a = 9.8 × (0.5 − 0.3 × 0.866) = 9.8 × 0.2402 = 2.35 m/s²

Msuguano wa kawaida kabisa umekata zaidi ya nusu ya mchapuko. Ukipata jibu hasi hapa, usilifute. Linakwambia kwamba kitu, kama kimesukumwa kwenda chini, kitapunguza kasi na kusimama. Na kama kimetulia, kitabaki palepale.

Hatua ya 6: Milinganyo mitatu, na wa kuchagua

Sasa mambo ni mepesi. Ikiwa kasi ya mwanzo ni u, kasi ya mwisho ni v, muda ni t na umbali kufuata ubao ni x:

v = u + at

x = ut + ½at²

v² = u² + 2ax

Usichague kwa kupenda. Andika ulichopewa na unachotafuta, kisha uone ni kipi hakihitajiki. Muda hautajwi popote? Tumia wa tatu. Kasi ya mwisho haitajwi? Wa pili. Umbali hautajwi? Wa kwanza.

Sanduku letu linaachiwa likiwa limetulia, u = 0. Bila msuguano, v² = 2 × 4.9 × 5 = 49, kwa hiyo v = 7 m/s, na t = 7 ÷ 4.9 = sekunde 1.43. Kwa msuguano, v² = 2 × 2.354 × 5 = 23.54, v = 4.85 m/s, na t ni sekunde 2.06. Kwenye hesabu ya pili nimetumia 2.354 badala ya 2.35, maana kukata desimali katikati ya safari huharibu jibu la mwisho. Kata mwishoni.

Jambo moja la kuangaliwa kwa karibu. Ncha ya juu ya mteremko huu iko mita 2.5 juu ya sakafu. Kitu kinachoanguka wima kutoka mita 2.5 hufika chini kwa √(2 × 9.8 × 2.5), ambayo ni 7 m/s, sawasawa na sanduku lililoteleza bila msuguano. Lakini kinatumia sekunde 0.71, nusu ya muda wa sanduku. Mteremko laini haupunguzi kasi ya kufikia chini. Unachofanya ni kuchelewesha. Galileo Galilei alilitumia hilo vizuri. Kitabu chake kilichochapwa Leiden mwaka 1638 kinaeleza jinsi alivyoachia tufe la shaba nyeusi kwenye mfereji uliochongwa katika ubao wa dhiraa 12, mfereji uliolainishwa kwa ngozi nyembamba. Saa za kupimia sehemu za sekunde hazikuwapo, hivyo alikusanya maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo wakati tufe linashuka, akayapima kwa mizani. Kitu kinachoanguka wima kingempita. Kwenye mteremko mdogo, alipata nafasi ya kupima.

Alichokiona unaweza kukitoa kwenye mlinganyo wa pili. Kwa u = 0, umbali unafuata mraba wa muda: muda ukiwa mara mbili, umbali ni mara nne; muda mara tatu, umbali mara tisa. Ukitoa umbali wa kila sekunde moja moja, unapata uwiano wa 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Kwa mchapuko wa 0.8 m/s², sekunde ya kwanza inakula mita 0.4, ya pili mita 1.2, ya tatu mita 2.0, ya nne mita 2.8. Namba witiri zikikosekana kwenye vipimo vyako, mchapuko wako si thabiti.

Hatua ya 7: Kagua kwa nishati

Napendekeza ukaguzi huu hata pale usipoulizwa, kwa sababu unapita njia nyingine kabisa, hivyo kosa la njia ya kwanza haliwezi kujificha. Sanduku la kilo 4 likishuka kimo cha mita 2.5 linapoteza nishati ya kimo ya 4 × 9.8 × 2.5 = jouli 98. Msuguano ni 0.3 × 4 × 9.8 × 0.866 = nyutoni 10.18, na kwa mita 5 unakula jouli 50.9. Zinabaki jouli 47.1. Nishati ya mwendo, ½mv², ni 2 × 23.54, yaani 47.1. Zimekutana.

Nishati inakupa pia njia ya mkato ambayo haipewi nafasi inayostahili. Tuseme sanduku likifika chini linaingia sakafu tambarare yenye μₖ ileile, bila kugonga kwenye kona. Litasimama wapi? Kazi ya msuguano kwenye mteremko wenye urefu L ni μₖ mg cos θ × L, na L cos θ si kingine bali umbali wa mlalo uliofunikwa na mteremko. Sakafuni, kwa umbali d, ni μₖ mg × d. Ukilinganisha jumla hiyo na nishati ya kimo, mgh (h ni kimo), mg inafutika na unabaki na hiki: umbali wote wa mlalo, tangu chini ya pale lilipoachiwa hadi linaposimama, ni h ÷ μₖ. Kwetu ni 2.5 ÷ 0.3 = mita 8.33. Mteremko umefunika mita 4.33 za mlalo, hivyo sakafuni litaenda mita 4.00. Kagua kwa v²: 23.54 ÷ (2 × 0.3 × 9.8) = 4.00. Pembe ya mteremko haimo kwenye jibu. Mteremko mkali au wa taratibu, alimradi sanduku linateleza na kimo ni kimoja, litasimama mahali palepale.

Kikisukumwa kwenda juu

Hapa msuguano hubadilisha upande, na ndipo wengi hujikwaa. Kitu kikipanda, msuguano unavuta kwenda chini, ukiungana na uzito. Mchapuko wa kurudi nyuma unakuwa g (sin θ + μₖ cos θ). Kikishuka, unarudi kuwa g (sin θ − μₖ cos θ). Safari moja, michapuko miwili, hivyo usijaribu kuimaliza kwa mlinganyo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Njia hiyo inafaa tu pasipo msuguano.

Sukuma sanduku letu kwenda juu kwa 6 m/s. Kupanda: 9.8 × 0.7598 = 7.446 m/s², linasimama baada ya sekunde 0.81 na mita 2.42. Pale juu, uliza tena swali la hatua ya 4. Jibu ni ndiyo, linarudi. Kushuka mita hizo 2.42 kwa 2.354 m/s² kunalipa kasi ya 3.37 m/s na kuchukua sekunde 1.43. Limeondoka na 6, limerudi na 3.37, na kushuka kumechukua muda mrefu kuliko kupanda. Jibu lako likionyesha kupanda kumechukua muda mrefu zaidi, kuna alama ya jumlisha au toa iliyopotea.

Kupima mchapuko kwa mikono yako

Utahitaji ubao ulionyooka wa mita 2, kipande cha mbao chenye uso bapa, rula au futi ya utepe, na simu yenye kamera. Kipimapembe hakihitajiki na sikipendekezi: kwenye kifaa kidogo kosa la uzi mmoja ni rahisi sana. Pima kimo cha ncha ya juu na urefu wa ubao, ugawanye. Ncha ikiwa sentimita 68 juu, sin θ = 0.68 ÷ 2 = 0.34, na cos θ ni √(1 − 0.34²) = 0.94.

Egemeza ubao katikati pia. Ubao mrefu unaoshikwa ncha mbili tu hupinda kati, na ukipinda, pembe si moja tena. Futa vumbi. Piga mistari kila sentimita 40 kuanzia pale ukingo wa mbele wa kipande utakapokuwa. Kipande kizuie kwa rula iliyosimamishwa mbele yake, kisha iondoe rula haraka kwa kuitupa upande wa chini. Usikiachie kwa vidole, kwa sababu vidole hukisukuma bila mwenyewe kujua. Kikipinduka au kuzunguka njiani, jaribio hilo lisihesabiwe.

Saa ya kubonyeza kwa kidole ina tatizo: mtu huchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde kuitikia anachokiona. Kwenye mwendo wa sekunde 1 hilo ni kosa kubwa. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakuonyesha mwendo kwa hatua za sekunde 0.033, na simu yenye uwezo wa fremu 120 au 240 ni bora zaidi. Hesabu fremu tangu kipande kinapoanza kusogea, si tangu rula inapoondoka, maana kipande huweza kugoma kidogo kabla ya kuchomoka. Rudia kila umbali mara tano hivi, uchukue wastani.

Tuseme wastani wako ni huu: mita 0.4 kwa sekunde 1.02; mita 0.8 kwa 1.40, mita 1.2 kwa 1.74, mita 1.6 kwa 1.99. Usichore grafu ya umbali kwa muda, kwani utapata mkunjo na jicho haliwezi kuthibitisha mkunjo ni wa aina gani. Piga muda kwa mraba: 1.04, 1.96, 3.03, 3.96. Sasa chora umbali dhidi ya t². Nukta zitajipanga karibu kabisa na mstari ulionyooka unaopita sifuri, wenye mwinuko wa 0.40. Kwa kuwa x = ½at², mwinuko huo ni nusu ya mchapuko, na a = 0.80 m/s². Mstari usipopita sifuri, kipande kilisukumwa mwanzoni au muda umeanza kuhesabiwa mahali pasipo pake.

Kosa moja hapa ni la kuepukwa kwa macho mawili. Mita 1.6 gawanya kwa sekunde 1.99 ni 0.80 m/s, na mtu anaweza kudhani hiyo ndiyo kasi ya kufikia chini. Hiyo ni kasi ya wastani. Kitu kilichoanza kikiwa kimetulia hufika na mara mbili yake, karibu 1.6 m/s. Kwamba 0.80 hapa imetokea mara mbili, kama kasi ya wastani na kama mchapuko, ni sadfa tu ya muda kuwa karibu sekunde 2.

Ukiwa na mchapuko, geuza mlinganyo wa hatua ya 5 upate msuguano: μₖ = (sin θ − a/g) ÷ cos θ = (0.34 − 0.0816) ÷ 0.94 = 0.27. Mbao zako sasa zina namba yake, na unaweza kutabiri kitakachotokea kwa kimo kingine kabla ya kujaribu. Inua ncha hadi sentimita 80: sin θ ni 0.40, cos θ ni 0.917, na a inapaswa kuwa 9.8 × (0.40 − 0.27 × 0.917), yaani karibu 1.5 m/s². Ubao umepanda sentimita 12 tu na mchapuko umekaribia maradufu, kwa sababu tofauti kati ya mvuto na msuguano ilikuwa ndogo. Utabiri ukikubaliana na kipimo, umeelewa somo kuliko yeyote aliyekariri fomula.

Gololi haitelezi

Wengi, kwa kukwepa msuguano, hubadilisha kipande cha mbao na gololi ya chuma. Gololi inashuka kwa ulaini wa kuvutia, grafu inanyooka vizuri, halafu mtu anagawanya mchapuko kwa sin θ akitarajia 9.8 na kupata 7.0. Anarudia, anapata 7.0 tena, na anaanza kuilaumu saa.

Saa haina kosa. Gololi inabingirika, na sehemu ya nishati yake inakwenda kwenye kuzunguka badala ya kusonga mbele. Kwa tufe lililojaa ndani linalobingirika bila kuteleza kwenye ubao bapa, a = (5/7) g sin θ, na 5/7 ya 9.8 ni 7.0 kamili. Mcheduara uliojaa una 2/3, pete nyembamba ina 1/2, na wala ukubwa wala uzito havibadilishi sehemu hizo. Ndiyo maana ukiachia gololi, mcheduara na pete kwa pamoja, gololi hutangulia na pete huburuta mkia, hata pete ikiwa nzito mara kumi.

Msuguano upo hapa pia, na bila huo gololi ingeteleza tu bila kuzunguka. Ila ni ule msuguano wa kitu kisichoteleza pale kinapogusa, hivyo hauli nishati. Mahitaji yake ni μₛ isiyopungua (2/7) tan θ, takriban 0.165 kwa nyuzi 30. Mteremko ukiwa mkali kupita uwezo huo, gololi huteleza na kuzunguka kwa pamoja, na 5/7 haifai tena. Kwenye mfereji kama wa Galileo mambo hubadilika tena: tufe linagusa kingo mbili badala ya kitako chake, linalazimika kuzunguka upesi zaidi kwa kila sentimita linayosonga, na mchapuko wake hushuka chini ya 5/7. Ukitaka kutumia gololi kutafuta g, tumia ubao bapa wenye pembe ndogo, na uzidishe jibu lako kwa 7/5.